Alpine Linux na apk yake: pakeji meneja inayofaa kwa sisi tunaolipia bando

Niseme mapema kabisa, kwa mashine za kazi apk ya Alpine Linux ndo pakeji meneja (programu ya kuweka na kutoa programu nyingine) ninayoiamini kuliko zote nilizowahi kugusa, na udogo wake wala sio sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba nikikaa mbele ya kompyuta ya mtu, iwe ya steshenari kule Nyegezi kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT au ya ofisi ndogo Kirumba, naweza nikaiuliza kila kilichomo humu kimefuata nini, na ikanijibu pale pale. Kompyuta nyingi zinazoletwa kwa mafundi hapa Mwanza hazina jibu la hilo swali. Zimejaa maprogramu ambayo hakuna anayejua yaliingia lini wala nani kayaleta, mwenye mashine anachokiona ni kwamba imekuwa nzito, inachelewa kuwaka, na bando la mwezi linakata katikati ya mwezi kwa apdeti za vitu ambavyo hajawahi kuvifungua hata siku moja.

Kwa asiyeijua, Alpine ni distro ya Linux, yaani Linux iliyofungashwa tayari kuwekwa kwenye mashine, iliyoanzishwa 2005 na Natanael Copa, ikachipuka kutoka mradi wa LEAF uliokuwa unatengeneza Linux za ruta na fayawoli, kwa hiyo imezaliwa kwenye nafasi finyu. 2014 kwenye toleo la 3.0 waliachana na uClibc wakahamia musl, ambayo ndo maktaba ya C inayobeba karibu kila programu, na amri za kawaida kama ls, cp na grep zote zinatoka kwenye BusyBox, faili moja dogo lenye amri kibao ndani yake. Huduma zinawashwa na OpenRC, systemd inayofanya kazi hiyo kwenye distro kubwa hamna. Wenyewe wanasema kontena, yaani boksi la kuendeshea programu peke yake, halihitaji zaidi ya MB 8 na kuiweka kwenye diski kwa kiwango cha chini kabisa ni kama MB 130. ISO (faili unaloshusha ili kuweka mfumo) ya virt, ile ya mashine za kuigiza, haifiki MB 100, ya standard ya kuweka kwenye kompyuta halisi ni MB mia kadhaa, wakati Ubuntu 24.04 ya desktopu imevuka GB 5. Na mashine za bit 32 bado wanazihudumia, jambo ambalo Debian 13 ya 2025 imeshaacha kutoa ISO zake, na huku kwetu hizo kompyuta bado zipo na zinachapa kazi.

Ila ISO unashusha mara moja tu. Kinachokula hela ni kinachofuata baada ya hapo, na hapo ndo tuiangalie apk yenyewe.

Kwanza yenyewe inategemea nini ili isimame. Imeandikwa kwa C, inataka musl, maktaba za OpenSSL za kuhakiki sahihi na kuongea https, na maktaba ya kukandamiza faili kama zlib, hapo umemaliza sehemu kubwa. Haitaki Python, haitaki Perl, haitaki hata bash, ile programu ya kusoma amri. Linganisha na dnf ya Fedora ambayo miaka yote ilikuwa imekaa juu ya Python mpaka Fedora 41 ya Oktoba 2024 walipoibadilisha kwa dnf5 ya C++, au pacman ya Arch inayotaka bash, curl, libarchive na gpgme, na hiyo gpgme nayo ina ukoo wake wa kuja nao. Mtu anaweza kuuliza ina shida gani, diski si zipo kubwa siku hizi? Shida haipo kwenye diski. Pakeji meneja ndo kitu unachokimbilia wakati vingine vyote vimeharibika, sasa kama yenyewe inahitaji Python na Python ndo iliyoharibika, utaitengeneza kwa kutumia nini? Alpine wana apk-tools-static, faili moja tu ambalo halitegemei maktaba yoyote iliyopo kwenye mashine, unaliweka kwenye flashi, unafika kwa mteja mashine yake imevurugika hata musl haipo sawa, unaliita na linaanza kurudisha pakeji moja moja. Mimi hilo faili natembea nalo.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe kilichonifanya niandike haya, faili linaitwa /etc/apk/world.

Ukiandika apk add halafu jina la programu, apk haikimbilii kuweka kitu. Kwanza inaandika hilo jina kwenye world, halafu inapiga hesabu, ili vyote vilivyoandikwa humu vikamilike natakiwa niwe na pakeji zipi, kisha inaifanya mashine ifanane na hilo jibu. Ukiandika apk del inafuta jina, inapiga hesabu upya, na chochote ambacho hakuna tena anayekihitaji kinaondoka hapo hapo bila kuambiwa. Hakuna cha kukumbuka kufagia baadaye, yaani kule kwingine unatoa programu halafu vitegemezi vyake, yaani pakeji ilizokuja nazo, vinabaki mpaka mtu akumbuke kupiga autoremove, na mara nyingi hakuna anayekumbuka, miaka inapita. Na kwa kuwa world ni faili la maandishi ya kawaida, jina moja kila mstari, unalifungua kwa vi, kihariri cha maandishi, unasoma mashine nzima ipo kwa ajili ya nini ndani ya dakika moja.

Pale steshenari Nyegezi mama mwenye ofisi aliniita, kompyuta yake moja nilishamwekea Alpine na XFCE, desktopu nyepesi, muda kidogo, kijana wake wa kazi akawa ameweka GIMP ya kuhariri picha za pasipoti, baadaye wakaona hawaitumii kwa sababu picha wanazitolea kwenye ile mashine nyingine. Akataka nafasi. Nikapiga apk del gimp, mama kasimama nyuma ya kiti anaangalia mistari inashuka, kila mstari umeanza na namba kwenye mabano halafu Purging halafu jina la maktaba, mistari mingi, akaniambia fundi, hapo si umenifutia kila kitu? Nikamwambia hapana mama, subiri imalize. Mwisho ikatoa ule mstari wake wa OK unaokwambia zimebaki MiB ngapi kwenye pakeji ngapi, nikamfungulia LibreOffice na printa mbele yake, vyote vinafanya kazi. Zile maktaba zilizoondoka zilikuja na GIMP, hakuna mwingine aliyekuwa anazihitaji, na zile zilizokuwa zinatumika na wengine hazikuguswa. Kilichonifurahisha zaidi ni kijana wake, alijaribu mwenyewe kutoa maktaba moja ya picha akidhani ni sehemu ya GIMP, apk ikamjibu kwamba world imebadilishwa ila hiyo pakeji haijaondolewa kwa sababu fulani na fulani bado wanaihitaji, ikawataja kwa majina. Kijana akaniuliza, kaka, kwa hiyo yenyewe inajua nani anamtegemea nani? Inajua, na inakwambia. Ndo maana nasema inajibu maswali.

Pili ni namna pakeji zenyewe zilivyokatwa. Kwenye Debian na wanawe, ukiomba pakeji moja apt, pakeji meneja yao, kwa kawaida inakuletea na zile zinazopendekezwa, na zinazopendekezwa zina mapendekezo yao, umeomba kitu kidogo unashangaa unaulizwa kama uko tayari kushusha MB mia tatu. Unaweza kuizima kwa --no-install-recommends, lakini mpaka ujue kwamba ipo. Alpine wanaanzia upande wa pili. Programu inakuja yenyewe, maelekezo yake yapo kwenye pakeji nyingine inayoishia na -doc, faili za waandishi wa programu zipo kwenye -dev, lugha zipo kwenye -lang, skripti ya kuwashia huduma ipo kwenye -openrc. Wana kitu wanaita install_if ambacho kinaipa pakeji sharti la kuingia, kwa mfano ile ya -doc inaingia tu kama programu yake ipo na wewe umeshaomba docs kwenye world. Ukiandika docs mara moja, kuanzia hapo kila programu inakuja na kitabu chake, ukifuta docs vitabu vyote vinaondoka. Mstari mmoja. Seva ya ofisi haina haja ya vitabu wala lugha arobaini, laptopu ya mwanafunzi anayejifunza inavihitaji, na ni Alpine ile ile moja.

Na orodha ya vitegemezi hawaikisii. Pakeji inapojengwa, zana yao ya abuild inaingia kwenye mafaili yaliyotoka, inasoma kila moja linaita maktaba gani, na hicho ndo kinaandikwa. Ukipiga apk info -R nginx utaona vitu kama so:libcrypto.so.3, so:libssl.so.3, so:libz.so.1 na so:libc.musl ya mashine yako, yaani inakutajia maktaba kamili na namba yake, haikutajii jina la jumla jumla. Geuza herufi iwe ndogo, apk info -r, unapata upande wa pili, nani anamtegemea huyu. Mi hizi amri mbili nazitumia kuliko nyingine zote, mtu akiniambia seva yake ina pakeji haielewi naanzia hapo, nafuata mnyororo mpaka nikutane na jina lililoandikwa kwenye world, na hapo unakuwa umempata aliyeileta.

Kwa wanaojenga programu wenyewe kuna --virtual. Unaandika apk add --virtual .ujenzi gcc make musl-dev, unapata kompaila na kila kitu chini ya jina moja ulilolibuni wewe, unajenga unachojenga, ukimaliza apk del .ujenzi, vyote vinaondoka. Wa Docker, wanaotengeneza kontena, wanalijua hili vizuri sana, lakini hata kwenye kompyuta ya kawaida linafaa mno, maana kompaila na jamaa zake ni mzigo mkubwa na kwenye mashine ya steshenari hawana kazi yoyote.

Kuna watu nikiwaambia haya wanasema unahangaika na MB wakati siku hizi kila kitu kipo kwenye 4G. Sawa, lakini vitegemezi ni suala la nani umemruhusu kuingia ndani. Machi 2024 Andres Freund, mtengenezaji wa PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft, aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kukandamiza faili, yamewekewa mlango wa nyuma na mtu aliyekuwa amejijengea uaminifu kwenye mradi kwa muda mrefu. Sasa jiulize, sshd, ile huduma inayopokea SSH, na xz wapi na wapi? OpenSSH yenyewe ilivyotoka kwa wenyewe haitumii liblzma, ambayo ndo maktaba ya xz. Baadhi ya distro kubwa walikuwa wameiongezea kiraka ili iongee na systemd, kwa hiyo ikawa inavuta libsystemd, na libsystemd ikawa inavuta liblzma, na liblzma ndo ilikuwa na sumu. Hatua tatu tu, na kila hatua mtu aliona ni kitu kidogo cha kurahisisha maisha. Ile sumu ilitengenezwa kwa mifumo ya glibc, maktaba ya C ya distro kubwa, kwenye pakeji za deb na rpm, Alpine yenye musl na isiyo na systemd haikuwa njia yake. Sisemi walikuwa na akili kuliko wengine, xz yenyewe ilikuwa imeingia hata kwenye edge, tawi lao la maendeleo. Nasema ule mnyororo haukuwepo. Baada ya hapo hata systemd wenyewe wamekazana kupunguza maktaba zinazovutwa moja kwa moja, wakaziacha ziitwe pale tu zinapohitajika.

Ila hapa pia tusidanganyane na namba. Orodha fupi ya vitegemezi haimaanishi kila mara kwamba kilichomo ni kichache. Chukua programu iliyoandikwa kwa lugha ya Go, apk info -R itakuonyesha labda musl peke yake, unaona safi kabisa, kumbe wakati wa kujengwa imemezeshwa moduli kibao za watu mbalimbali na zimo humo humo ndani ya faili moja, apk haizioni na haiwezi kuzihesabu. Maktaba ikiwa na tundu la usalama na imekaa peke yake, Alpine wanarekebisha pakeji moja na wote wanaoitumia wanapona, unashusha kitu kidogo tu. Ikiwa imemezwa, kila aliyeimeza anajengwa upya na wewe unashusha kila mmoja upya. Kwa hiyo kuna wakati vitegemezi vingi vinavyoonekana ni salama kuliko vichache vinavyoonekana, na mi ningependa siku moja apk ituonyeshe na vilivyomezwa.

Nije kwenye mapungufu, maana yapo na mengine yatakuumiza kama hujajipanga.

Kubwa kuliko yote ni musl. Programu nyingi ambazo kampuni zinatoa zikiwa zimeshajengwa tayari zimejengwa kwa glibc, na Alpine haina. Kwa steshenari hii inamaanisha printa. Draiva za kampuni nyingi za printa na skana ni mafaili ya glibc, mengine bado ya bit 32, hayatafanya kazi hapa, kuna gcompat, inayojaribu kuiga glibc, inasaidia baadhi na baadhi inagoma. Printa zinazoongea PostScript au zile mpya za IPP bila draiva zinakwenda vizuri na CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux. Kabla hujanunua printa iulizie hilo kwanza, na kama una printa ambayo kazi yote ya ofisi inaitegemea na draiva yake ni ya kampuni tu, basi iachie hiyo kompyuta Debian, usijitese. Google Chrome nayo hivyo hivyo haipo, tumia Firefox au Chromium za kwao, au uweke Flatpak ambayo itafanya kazi lakini itakuja na dunia yake nzima ya maktaba, na hapo bando litakuwa limerudi kule kule tulikokimbia. Waandishi wa Python hali imekuwa nafuu tangu 2021 kulipopatikana kiwango cha musllinux cha moduli zilizojengwa tayari kwa musl, zamani kila moduli yenye C ilikuwa lazima uijenge mwenyewe. Na kule kutafuta majina ya mtandao kulikuwa na shida ya majibu marefu ya DNS ambayo musl 1.2.4 ya 2023 imeimaliza.

Lingine ni umri wa pakeji. Sehemu ya main inahudumiwa kama miaka 2, ila sehemu ya community, ambako ndo ziko Firefox na XFCE na vitu vingi vya desktopu, inahudumiwa mpaka toleo linalofuata litoke, na wanatoa toleo kama kila miezi 6. Maana yake kompyuta ya ofisi lazima uihamishe toleo mara mbili kwa mwaka, ni kubadilisha namba kwenye /etc/apk/repositories, faili la anuani za kushusha pakeji, na kupiga apk upgrade --available, kazi yenyewe rahisi na sijaona ikileta vurugu, lakini lazima mtu awepo wa kuifanya. Kama wewe ni fundi unayemwekea mtu halafu hurudi, usimwekee Alpine ya desktopu, utakuwa umemwachia mashine isiyopata viraka na yeye hajui.

Usichanganye edge na toleo tulivu vile vile. Mtu anataka programu moja mpya, anaongeza mstari wa edge kwenye repositories, programu inakuja na maktaba mpya, maktaba mpya inagongana na za zamani, anakutana na ERROR: unable to select packages na orodha ndefu chini yake. Ile orodha isome tu usiogope, imeandikwa required by na jina la kila anayegombana. Na ukifunga toleo maalum la pakeji kwenye world ujue wao toleo la zamani wakishalitoa kwenye hifadhi halipo tena, siku ya kuweka upya utakwama.

Usalama wa apk yenyewe nao usiupitishe hivi hivi. 2018 Max Justicz alionyesha kwamba mtu aliyekaa katikati ya mtandao anaweza kuichomekea apk pakeji mbaya ikaendesha msimbo wake wakati wa kufungua, wakarekebisha haraka. Andika https kwenye repositories zako, haswa ukiwa unatumia Wi-Fi za watu. Alpine 3.23 ya Desemba 2025 ndo imeingiza apk-tools toleo la 3, amri za kila siku ni zile zile. OpenWrt, Linux ya ruta, nao mwishoni mwa 2024 waliitoa opkg, pakeji meneja yao ya zamani, kwenye tawi lao la maendeleo wakaweka apk, kwa hiyo ukijifunza hii unakuwa umejifunza na ya ruta nyingi zijazo.

Kuna sehemu moja ambayo huku ziwani apk inalipa kuliko popote, ni pale ambapo intaneti haipo au inachechemea. Natoka Mwanza mjini nashusha kila kitu kwa apk fetch -R, ile R inafuata vitegemezi vyote mpaka mwisho, faili zote zinaingia kwenye flashi, natengeneza indeksi kwa apk index na kuitia sahihi kwa ufunguo wangu kupitia abuild-sign, ufunguo wa umma naunakili kwenye /etc/apk/keys ya kompyuta za kule. Nikishuka meli pale Nansio, Ukerewe, au siku hizi ukipita daraja la Kigongo-Busisi kwenda Sengerema, repositories ya kila mashine inaelekezwa kwenye flashi na kazi inaanza bila hata MB moja. Kwa kuwa vitegemezi ni vichache, seti nzima ya desktopu na LibreOffice inaingia kwenye flashi ya kawaida na nafasi inabaki. Nilishajaribu kazi hiyo hiyo kwa distro kubwa, inawezekana, ila kila ukifika unakuta kuna kitu kimoja kilichopendekezwa na kitu kingine hakipo.

Na kwa seva ndogo na ruta za ofisi kuna ile namna ya diskless, mfumo mzima unapakiwa kwenye RAM kutoka kwenye flashi, flashi inabaki ya kusomwa tu. Umeme ukikatika ghafla hakuna diski iliyokuwa katikati ya kuandika, ukirudi inawaka kama ilivyokuwa. Mipangilio unaihifadhi kwa lbu commit, inatengeneza faili moja la apkovl lenye /etc yako pamoja na world, na wakati wa kuwaka apk inalisoma hilo world na kuijenga mashine upya kutoka kwenye pakeji zilizopo kwenye flashi. Kwa kawaida lbu inachukua /etc tu, vitu vilivyopo nje ya hapo viongeze mwenyewe kwa lbu include, na ukisahau kupiga commit mabadiliko yote yanapotea umeme ukikata. Kwa ofisi yenye data nzito za kuandika muda wote haifai, weka kwenye diski. Kwa ruta yenye dnsmasq ya kugawa anuani za mtandao na nftables ya fayawoli sijaona kinachoizidi.

Kwa wanaotaka kuanza, world ya kompyuta ya pale Nyegezi ilivyo sasa hivi ukiacha kerneli na draiva za video ina alpine-base, xfce4, lightdm-gtk-greeter, firefox-esr, libreoffice-writer, libreoffice-calc, cups, cups-filters, simple-scan, doas, mandoc na font-dejavu, na mengi ya hayo unaweza kuanza nayo kupitia setup-desktop. LibreOffice chukueni vipande hivyo viwili, msichukue nzima, tofauti ya MB ni kubwa. Skripti zinazoanza na bash zitagoma mpaka uiongeze bash, maana iliyopo ni ash ya BusyBox. Hiyo font-dejavu msiiondoe hata kama mnatafuta kupunguza, mashine isiyo na fonti inaweza kukufungulia kivinjari kizuri kabisa chenye viboksi vitupu kila mahali.